Babangu Juu ya Tukutuku

Babangu aliamini kwamba gari ni chombo cha mtu aliyetulia, na pikipiki ni chombo cha mtu ambaye bado anatafuta pa kuangukia. Hakulisema jambo hili kwa hasira. Alilisema kama watu wasemavyo kuwa mvua hunyesha, tena mbele ya mume wangu, huku akimmiminia kahawa. Mume wangu alipokea kikombe, akashukuru, akanywa. Pikipiki yake nyekundu ya mbio ilikuwa imeegeshwa pale pale nje ya baraza, na mkwe hajibizani na baba mkwe, hata akiambiwa kuwa atafia mtaroni.

Nyumba ya babangu ilikuwa Malindi mjini, na katika miaka ile ya themanini sikumbuki jioni iliyopita pale bila ubishi wa vyombo vya moto. Yeye aliuza vitambaa, lakini roho yake haikuwa dukani. Ilikuwa kwenye gari lake la Kijerumani la milango miwili, rangi ya samli, lenye injini ambayo ikiwashwa asubuhi vikombe vya kabatini hutetema. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu mzee wa Watamu aliyeliendesha katika mashindano huko bara, mpaka macho yakamwia mazito akaliachia. Babangu alilifunika kwa shuka la marekani kama mtoto mwenye homa. Ukifunga mlango wake kwa nguvu alikwambia, "Taratibu. Huo si mlango wa choo." Nililipenda kwa kuwa yeye alilipenda, na kwa siri nililipenda kwa ajili ya lenyewe.

Mwanamke akipenda gari wakati ule alitakiwa alipende akiwa ameketi kando. Lakini babangu hakuwa na mtoto mwengine ila mimi, na ujuzi wake ulikuwa ukimwasha mikono. Akanifundisha kuendesha asubuhi za Jumapili, kwenye njia tulivu iliyo kusini mwa mji, mimi nikiwa na buibui langu na miguu mitupu. "Achia klachi kama unavyomlaza mtoto," alinambia. Nilimzimishia injini mara nyingi, na kila mara alifumba macho kama aliyechomwa sindano. Habari hii hatukumwambia mtu ila shangazi.

Shangazi yangu alikuwa dada mkubwa wa babangu, wa baba mmoja na mama mmoja. Mama yao alikufa babangu akiwa bado anatambaa, na dada ndiye aliyembeba, akamlisha, akampeleka chuoni kusoma Kurani. Baadaye akaolewa Mombasa, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto. Ndiye aliyenipigania babangu alipomkataa mchumba wangu kwa sababu ya pikipiki. Alikuja Malindi makusudi, akaketi kitandani, akasema, "Kijana anasali, anafanya kazi, hana ulimi mrefu. Umekataa nini, magurudumu?" Babangu akacheka, na mtu akishacheka na dadake hana tena la kukataa. Na siku hiyo hiyo, chai ikiwa mezani, shangazi alimwambia neno jengine: "Siku yangu ikifika, asinitie mwanandani mwanamume mwengine ila wewe." Kwetu mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, jamaa wa damu wasioweza kumwoa, na yeye duniani alikuwa amebakiwa na maharimu mmoja. Babangu alimwambia aache maneno ya mkosi, kisha akasema, "Nitakutia mimi."

Basi nikaolewa, nikahamia Muyeye na mume wangu, fundi wa majenereta katika hoteli moja ya Watamu. Pikipiki aliipata kwa Mtaliano mmoja aliyefunga virago na kurudi kwao. Babangu hakuwahi kuiita pikipiki. Aliiita tukutuku, neno la wazee wetu kwa kila chombo cha magurudumu mawili chenye moto, lakini kinywani mwake lilivutwa kidogo mpaka likakaribia utukutu. "Tukutuku yako haijambo?" alimuuliza mkwewe kila Ijumaa, kama anayeulizia mtoto mkorofi. Mume wangu alijibu kwamba haijambo, alhamdulillahi, na akifika nyumbani ananuna. Kwake tukutuku ilikuwa kile kikorokoro cha mpeleka barua kinachokohoa barabara nzima. Yake ilikuwa kitu kingine kabisa.

Na kweli ilikuwa kitu kingine. Usukani wake ulikuwa mfupi na wa chini, hata aliyeikalia aliinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kiti cha nyuma kilikuwa kidogo kuliko kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Kwanza nilikasirika: nani aliyetengeneza kitu hiki akasahau kuwa watu wana wake? Kisha nikajishonea suruali pana ya kuvaa ndani, nikajifunza kulikusanya buibui na kulibana mapajani lisiingie mnyororoni, na siku za mapumziko za mume wangu tukawa tunatoka alfajiri, kabla majirani hawajafungua madirisha na midomo.

Tulikwenda njia ya Gede. Ukiwa ndani ya gari, msitu wa pale ni miti inayopita dirishani, basi. Juu ya pikipiki msitu ulikuwa na baridi yake. Uliingia ndani yake ukajikunja, ukatoka ukapokewa na joto na harufu ya korosho zinazochomwa. Gari la babangu likikanyagwa mafuta lilikusukuma mgongo kwa heshima. Pikipiki ilikunyang'anya roho kidogo, kisha ikakurudishia. Mume wangu alikuwa akisema, "Kwenye gari unapelekwa. Kwenye pikipiki unakwenda." Aliniambia mimi tu. Kule barazani hangethubutu.

Barazani alikuwa na kazi ya kusikiliza. "Gari ni heshima," babangu alisema. "Mtu hushuka kanzu yake haina hata kunjo. Tena gari likigonga, hugonga bati kwanza. Tukutuku hugonga nini kwanza?" Akainua kikombe chake. "Paji la uso," akajijibu mwenyewe, akanywa kahawa yake akiwa ameridhika sana. Mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia nilitamani kutoka nikamwambia mmoja anyamaze na mwengine aseme, maana kila mmoja alikuwa na haki na hakuna aliyejua kushinda.

Nje ya lami vyote viwili havikuwa na maana. Mara moja tulialikwa harusi Marafa. Gari lilikwama mchangani kwa kuwa tumbo lake lilikuwa chini, na pikipiki ikaangushwa na mchanga huo huo mbele yetu kidogo. Wagiriama waliokuwa wakipita na punda walitusukuma, wakicheka kwa adabu, na mmoja akauliza kama mjini hakuna punda. Babangu na mkwewe walikaa karamu nzima wamejaa vumbi hadi kwenye kope, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ubishi. Nilifurahi siku ile kuliko bibi harusi.

Shangazi alifariki msimu wa joto kali. Simu ilipigwa dukani jua limekwisha kupanda, kwa sababu laini zilikuwa mbovu na jirani yake alihangaika nayo tangu alfajiri. Alisema mazishi ni baada ya swala ya Alasiri. Maiti kwetu huharakishwa, na kwa joto lile hata kuomba wangoje isingefaa. Babangu alifunga duka, akaja kwangu Muyeye, akasimama mlangoni. "Dada," alisema. Nilimpa jirani ujumbe ampelekee mume wangu kazini, nikavaa buibui, nikaingia garini.

Sijapata kumwona akiendesha vile. Mikono miwili usukanini, kimya, midomo ikitembea kwa dua, na gari likafanya kazi lililotengenezewa. Tuliyapita malori kama yamesimama. Kwenye kona za msitu alishusha gia na injini ikaitika, na kiti kikanishika mabegani. Kila nilipotazama jua nilijiambia tutafika, na nilimshukuru Mungu kwa Wajerumani. Kisha tukafika Kilifi.

Daraja halikuwapo wakati ule. Kilifi ilikuwa feri, na feri haikujua gari lako lina injini gani. Siku hiyo, kati ya feri mbili moja ilikuwa mbovu, maji yalikuwa yamekupwa, na malori yalipanda ferini kwa taabu, moja moja. Foleni ilitoka ukingoni ikapanda hadi madukani. Babangu alisimamisha gari nyuma ya basi lililotoka Lamu, akazima injini. Ule ukimya uliofuata naukumbuka mpaka leo.

"Waambie watupishe," nilisema. "Waambie tuna maiti."

"Kila aliye hapa ana lake," alisema. "Yule mbele ana mgonjwa."

Nilimshauri avuke kwa miguu na kupanda matatu upande wa Mnarani. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Matatu hazitoki mpaka zijae, na zikitoka husimama kila penye mtu na kikapu. Feri ilikwenda, ikarudi, sisi tukasogea urefu wa gari moja. Babangu alishika usukani wa chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyokuwa pale, na hapakuwa na pa kukipeleka.

"Watamtia kaburini watu wengine," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Pikipiki niliisikia kabla ya kuiona. Mume wangu alikuja pembeni mwa foleni, ovaroli ya kazi ameifungia nyuma, shati limejaa upepo. Alizima, akavua helmeti, akainama dirishani. "Shikamoo, baba. Pole kwa msiba." Babangu akaitika marahaba. Mume wangu aliitazama foleni mpaka mwisho wake. Alimnyoshea babangu ile helmeti kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa wako sahani.

Babangu alinigeukia mimi. "Niende juu ya tukutuku?"

"Panda, baba," nilisema. Maishani mwangu sikuwahi kumwamrisha, na nilisikia masikio yakinichoma.

"Na gari?"

"Gari nitalileta mimi."

Alinitazama, akatoa ufunguo, akanitia mkononi na kuukunja mkono wangu juu yake. "Ukiingia ferini gia ya kwanza," alisema, "na wanaokupigia makelele usiwasikilize."

Alivua kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akaikunja mfukoni, akavaa helmeti. Kisha akaiendea pikipiki na akakaa upande. Ndivyo mtu wa heshima wa kwetu anavyokaa akipakiwa baiskeli, miguu pamoja, kanzu imefunika, mkono mmoja umeshika chini ya kiti. Alikuwa amekaa vizuri sana, kama anayesubiri kinyozi. Mume wangu hakujua atazame wapi.

"Baba," alisema, "hapa hapakaliwi upande. Utaanguka."

"Nitakaaje na kanzu?"

"Ipandishe."

Babangu alisimama kidogo. Kisha, mbele ya basi zima la Lamu na malori na watalii, alipandisha kanzu na saruni yake hadi magotini, akapandisha mguu ng'ambo. Miguu yake ilikuwa myembamba na myeupe, miguu ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo. Mtu mmoja basini alicheka. Nilimgeukia kwa macho ambayo nadhani bado anayo, maana alifunga dirisha kwa joto lile.

Ikabaki mikono. Babangu aliiweka juu ya mapaja yake mwenyewe. Hawa walikuwa mtu na mkwewe, watu wasiogusana ila kwa salamu. "Nishike, baba," mume wangu alisema mbele, bila kugeuka, na babangu akamshika mabega kwa ncha za vidole. Wakateremka pembeni mwa malori, wakaingia ferini pamoja na waendao kwa miguu na kuku zao, na hakuna aliyewauliza zamu. Feri ikaondoka. Nilisimama nje ya gari kuwatazama wakifika ng'ambo. Wakati pikipiki inapanda kilima cha Mnarani, niliona kidogo, kwa mbali, kwamba mikono ya babangu imekwisha kumzunguka mkwewe kiunoni na helmeti imelala mgongoni pake. Nilidhani ni woga.

Zamu yangu ilipofika niliingia ferini kwa gia ya kwanza. Walinipigia makelele, kila mmoja na lake, kushoto, kulia, mama utatuua. Sikuwasikiliza. Upande wa pili barabara ilikuwa wazi, mashamba ya makonge ya Vipingo yamenyoka huku na huku, na nilipokanyaga mafuta gari lile likaniambia yote ambayo babangu alishindwa kuyaeleza barazani miaka yote. Lilikuwa na nguvu na lilikuwa na subira. Nililia kwa ajili ya shangazi na, Mungu anisamehe, mahali fulani kabla ya Mtwapa nilicheka. Yeye mwenyewe angecheka akiniona. Nilijaribu kuwafikia. Sikuona hata vumbi lao.

Mombasa nilikuta wanawake ndani, wanaume wamekwenda makaburini. Walinisimulia kabla sijakaa. Swala ya jeneza ilikuwa imekwisha, wanaume wametoka msikitini na jeneza begani, ndipo pikipiki nyekundu ilipotokea nyuma ya watu na kuzimwa kwa heshima. Akashuka mzee mwenye kanzu iliyokunjwa magotini, pindo lake jeusi kwa mafuta ya mnyororo, akaingia kati ya watu na kuweka bega chini ya jeneza, helmeti ikiwa bado kichwani. Alikwenda nayo hivyo mpaka mtu mmoja akamvua taratibu bila yeye kujua. Ya kaburini mume wangu alinisimulia baadaye: babangu aliingia mwenyewe. Wengine walishika nguo juu kumsitiri maiti, na yeye akampokea dadake.

Waliporudi, babangu aliketi na wanaume, udongo umemkauka kwenye mikono. Mume wangu alibaki amesimama uani. Shati lake lilikuwa limeroa mgongoni, doa kubwa katikati, limeshika vumbi. Nilimwambia alibadilishe, jasho litampa mafua. Akasema sawa, akaenda kulifua mwenyewe pale bombani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mume wangu alirudi Watamu kazini siku iliyofuata. Mimi na babangu tulikaa mpaka hitima ikasomwa. Siku ya kuondoka alizunguka gari akaingia upande wa abiria. "Endesha," alisema, nami nikaendesha, na hakufumba macho hata mara moja. Mnarani tulikuta foleni, fupi, lakini foleni. Nikazima injini nyuma ya lori la saruji. Upepo wa maji ulikuwa ukiingia dirishani.

"Siku ile," alisema, "nililia."

"Wapi, baba?"

"Toka kilima hiki hata Mtwapa. Nililia kwa sauti, mwanangu. Kwa sauti, kama mtoto. Mumeo hakugeuka, wala hakupunguza mwendo."

Nilikumbuka lile shati. Nikamwambia kuwa mume wangu hakunieleza neno.

"Najua hakukwambia."

Alipangusa kwa kidole vumbi ambalo halikuwapo juu ya kioo cha saa za gari. "Humu ndani nisingeweza," alisema. "Humu ungeniona."

Kisha pumzi yake ikabadilika. Nikageuza uso kwenye lile lori la saruji mbele yetu, nikalitazama magurudumu yake, kamba zake, na turubali lake lililopasuka, nikaendelea kulitazama mpaka feri ikaja.